Nafasi Kumi na Mbili Chini ya Sakafu

Boti ya Mzee Wolfgang Margwe ilifika Gitting siku ya Jumanne saa nne asubuhi, juu ya trela la trekta, imefungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa. Gidion, dereva wa trekta, aliirudisha nyuma taratibu hadi uani kwa fundi seremala Gervasi Sulle, akazima injini, akaomba maji ya kunywa. Wanaume sita waliishusha na kuiweka juu ya magogo manne, kati ya banda la kuku na mabenchi mapya ya kanisa yaliyokuwa yakisubiri vanishi. Kuku waliizunguka mara moja, wakaona haina punje, wakaiacha.

Ilikuwa boti ya mbao, urefu wake hatua tisa. Kwa karibu miaka miwili ilikuwa imelala kwenye tope la lile ziwa dogo lililo chini ya Gendabi, maana ziwa lenyewe liliondoka miezi michache baada ya ajali, likaacha magadi na nyayo za ng'ombe. Mwaka huu mvua zilinyesha kupita kiasi. Ziwa likarudi mahali pake, na kambare wakarudi nalo bila kueleza walikokuwa. Mzee Wolfgang akaikumbuka boti yake.

"Mbavu bado nzima," alimwambia Gervasi akiipapasa kwa kiganja. "Sakafu ndiyo imeoza. Na ile habari ya kuelea, uitazame."

"Habari gani ya kuelea, mzee?"

"Iko chini ya sakafu. Utaona mwenyewe."

Akampa mkono, akaondoka kwa miguu kuwahi kikao. Mzee Wolfgang alikuwa mzee wa kanisa na pia mwenyekiti wa wazee wa kitongoji. Ni mtu mpole. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata kwa mbwa.

Gervasi alikuwa hajawahi kutengeneza boti. Watu wa huku juu ni wa mahindi, ngano, vitunguu saumu na ng'ombe. Babu zao hawakula samaki kabisa, na wajukuu wanawala kwa shingo upande. Gervasi mwenyewe maji hayajawahi kumpita goti. Lakini alikuwa ametengeneza mabenchi, vitanda, mizinga ya nyuki, na yale majeneza matatu ya watu waliokufa na boti hiyohiyo, kwa hiyo kila mtu aliona kazi hii ni yake.

Jumatano, saa moja na robo asubuhi, boti ilijaa maji.

Hakukuwa na wingu. Maji yalipanda kutoka chini, kwenye nyufa za mbao, bila haraka, yakafika usawa wa kifundo, kisha usawa wa goti, yakatulia. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalinuka tope na kambare. Gervasi aliinama akachungulia chini ya boti. Magogo yalikuwa makavu, na kuku mmoja alikuwa akioga vumbi. Gervasi akaenda kuchukua ndoo.

Mkewe, Oliva, alitoka jikoni, akachovya kidole, akaonja.

"Yana chumvi, Baba Sara. Usimwagie kabichi zangu. Mwaga barabarani, yatatuliza vumbi."

Gervasi alimwaga barabarani ndoo arobaini, na maji hayakupungua hata kidogo. Saa tatu yalishuka yenyewe, yakaacha utelezi na samaki wadogo wawili ambao paka aliwachukua.

"Ni saa ileile," Oliva alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Na kweli ilikuwa saa ileile. Boti ilipinduka Jumatatu moja ya mwezi wa sita, saa moja na robo, kwa upepo ambao haukuweza hata kuangusha embe. Boti ikipinduka huwa inabaki juu ya maji, mgongo wazi, na watu huishikilia mpaka waje kuokolewa. Hii haikubaki. Ilikwenda chini moja kwa moja, na wanaume watatu wakakosa kitu cha kushika. Walikuwa Bura na Alex, wavutaji wa nyavu, na Festo, aliyekuwa nahodha. Siku ya mazishi Mzee Wolfgang alitoa dume la ng'ombe, kisha akasimama na kusema kwa sauti yake ya chini kwamba inasikitisha sana, kwani Festo asubuhi ile alikuwa amekunywa. Mtu aliyekula nyama ya dume hilo asingeweza kumbishia mwenye nalo.

Sasa hapo ndipo mambo ya Perpetua, mjane wa Festo, yalipoanzia. Wairaqw wana neno, metimani. Nyumba ikipatwa na kifo kibaya inatengwa: watu wake hawapiti njia ya wote, hawachoti maji kwenye chemchemi ya wote, hawaombi moto kwa jirani, ng'ombe wao hawachungwi na wa wengine, na anayevuka kizingiti chao anaingia humohumo walimo wao. Baada ya miezi wazee hukaa, hutamka, na nyumba inatoka. Kanisa linasema mila hiyo imepitwa na wakati, na wazee wa kanisa wanalisema hilo kila Jumapili. Jumatatu mpaka Jumamosi wao ndio wazee wa kitongoji. Nyumba za Bura na Alex zilitamkiwa kabla ya mavuno. Nyumba ya Festo ilihesabiwa kuwa ndiyo iliyoua, na kwa hiyo haikutamkiwa kitu.

Perpetua alikuwa na mtoto mmoja, Judica. Wiki ya ajali mtoto alikuwa Dongobesh kwa shangazi yake, anatibiwa kifua, na mama yake alikuwa huko akimuuguza. Perpetua alirudi peke yake kuzika. Alipoelewa nyumba yake imekuwa nini, alimpigia simu wifi yake na kumwambia mtoto asiletwe, kwa sababu akivuka tu kizingiti hatatoka tena. Judica wakati huo alikuwa na miaka sita. Sasa ana minane. Kitu pekee ambacho Perpetua alikitaka duniani ni wazee watamke, ili mtoto arudi nyumbani.

Alhamisi Gervasi aling'oa sakafu. Alisubiri maji yashuke, akaingiza mtaimbo chini ya ubao wa kwanza, na ubao ukatoka kama mkate uliolowa chai. Mbao zilizokuwa nzima kidogo aliziandika namba kwa chaki ili azitumie kama kipimo. Mbavu alizichoma moja moja kwa bisibisi kusikiliza kama zimeoza ndani. Mzee Wolfgang alisema kweli, zilikuwa ngumu. Katikati ya mbavu, chini ya pale sakafu ilipokuwa, Gervasi alikuta nafasi kumi na mbili, sita kila upande, na kila nafasi ina kamba ya manila inayoning'inia. Nafasi zote zilikuwa tupu.

Alizitazama kamba kwa muda mrefu. Hazikuwa zimekatika. Zilikuwa zimefunguliwa kwa mkono, na mtu mwenye subira, fundo baada ya fundo.

Ijumaa maji yalikuja na watu. Gervasi alikuwa akipima upana kwa futi alipoona miguu mitatu, halafu sita. Bura na Alex walikaa upande mmoja juu ya mbavu, Festo nyuma, wote wamelowa mpaka nywele. Gervasi aliwajua kwanza kwa vipimo, maana alikuwa amewahi kuwapima; nyuso alizitazama baadaye.

"Shikamoo, fundi," alisema Festo.

"Marahaba. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu. Maji ni ya baridi."

"Pole. Hebu inua mguu kidogo, nipitishe futi."

Festo akainua mguu. Gervasi akapima, akaandika kwenye kipande cha ubao, akaomba Bura naye ajisogeze. Bura akajisogeza. Kazi iliendelea hivyo mpaka karibu saa tatu. Gervasi alitaka mbao zibanane vizuri kama kwenye benchi la kanisa, na Festo akamwambia hapana, aache nafasi ya upana wa kidole kati ya ubao na ubao. Maji yakiingia lazima yapate njia ya kushuka chini, pale yanapoweza kufuliwa kwa kopo na kumwagwa nje. Yakikaa juu ya sakafu yanakimbilia upande mmoja na boti inalala. Gervasi alishukuru. Ni kosa ambalo angelifanya kwa moyo safi kabisa.

"Na hizi nafasi za chini?" akauliza. "Zilikuwa na nini?"

"Madumu," alisema Festo. "Kumi na mawili, ya njano, ya lita ishirini. Niliyafunga mwenyewe. Vifuniko niliviziba kwa nta ya nyuki, na kila moja nikalichoma namba chini kwa waya wa moto. Dumu lenye hewa haliendi chini, fundi, hata ufanyeje. Boti ikijaa inashikiliwa na hayo."

"Yako wapi?"

"Asubuhi ile sikufungua sakafu. Niliona misumari mipya, nikasema mzee ametengeneza." Alitazama zile kamba. "Sikunywa. Hata chai sikunywa."

Bura na Alex walitikisa vichwa kuthibitisha. Maji yakaanza kushuka na wao wakashuka nayo, wakianzia miguuni.

Gervasi alisikia kiu. Alikwenda mlangoni pa jikoni, ambako dumu la maji la mkewe husimama, akajimiminia kikombe, akanywa, halafu badala ya kulirudisha chini akaliinamisha na kutazama kitako chake. Kulikuwa na namba saba, imechomwa kwa waya.

"Mama Sara, dumu hili ulilipata wapi?"

"Si lile la harusi ya Evaline?" alisema Oliva. Evaline ni binti wa Mzee Wolfgang. "Wapishi tulikuwa kumi na mmoja, na tulipomaliza kila mpishi akapewa dumu la kwenda nalo, ndiyo asante yetu. La kumi na mbili walibaki nalo wenyewe. Mbona unalikagua? Ni zuri, ila lina kichwa kigumu. Kwenye chemchemi halizami. Lazima nilikanyage kwa mguu wangu wote mpaka likubali kuingiza maji."

"Harusi ilikuwa lini?"

Oliva aliacha alichokuwa akifanya. Harusi ilikuwa Jumamosi, na mazishi yalikuwa Jumatano iliyofuata. Walitoka kwenye sufuria moja wakaingia kwenye nyingine. Alimtazama mumewe, akalitazama dumu, akaketi kwenye kigoda.

Mtu wa ziwani angelijua. Lakini huku kwetu dumu ni la maji. Mwanamke anatembea nusu saa kwenda chemchemi na nusu saa kurudi. Dumu tupu, limefungwa gizani chini ya mbao, halina kazi, mtu yeyote wa Gitting angesema limesahauliwa. Gervasi aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa amekunywa maji ya dumu lile kila siku kwa miaka miwili, pamoja na siku aliyotengeneza jeneza la Festo.

Mchana huo alipita nyumba kwa nyumba. Kitongoji kina nyumba kumi na tatu. Kila alipofika alisalimia, akauliza hali ya wagonjwa na mifugo, akaomba kuona kitako cha dumu. Hakuna aliyemkatalia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwa Mzee Hhando palikuwa na dumu namba mbili. Kwa mama mkwe wa Alex, namba kumi. Kwa Mzee Wolfgang, namba moja ilikuwa chini ya mfereji wa bati, imefungwa mnyororo kwenye nguzo, kwa sababu mvua ikinyesha ilikuwa na tabia ya kuondoka. Nyumba kumi na mbili zilikuwa na madumu kumi na mawili. Ya kumi na tatu ilikuwa ya Perpetua, ambaye siku ya harusi alikuwa Dongobesh akimuuguza mtoto, na hakupika.

Jumamosi Oliva alikwenda kwenye mpaka wa Perpetua. Kuna jiwe bapa pale, ambapo humwekea chumvi na kumrudishia simu akishaichaji. Aliweka simu, akarudi nyuma hatua kumi, na Perpetua akatoka kwenye mahindi.

"Mama Judica, mume wako yuko kwetu. Amekaa kwenye boti."

"Amevaa nini?"

"Lile koti la bluu."

"Mwambie asilianike juani, linapauka." Perpetua aliichukua simu, akaifuta kwa kanga, akaishika kwa mikono miwili. "Amesema nini?"

Oliva akamweleza yote, pamoja na namba saba. Sehemu hiyo aliisema akitazama chini. Perpetua aliifunga simu kwenye pindo la kanga. Hakumtukana, ingawa Oliva angependa atukanwe.

"Basi ayaseme mbele ya wazee," alisema Perpetua. "Mimi nikisema, ni mjane anajitetea. Marehemu atajitetea ili apate nini? Mwambie aseme hivyohivyo, na wakishasikia nitampigia Judica aanze kufunga nguo zake."

"Nitamwambia."

"Mwambie pia shimo langu la maji linakauka. Hapana, usimwambie hilo."

Jumapili baada ya ibada wazee walikuja uani kwa Gervasi, na karibu kitongoji chote kikawafuata. Kwa kawaida maji yalishuka saa tatu, lakini siku hiyo yalibaki mpaka kikao kilipokwisha, kwa sababu wale watatu walikuwa wameambiwa kuna kikao. Walikaa kwenye boti wima, mikono magotini. Watoto waliambiwa wasiwarushie mawe. Wazee walikaa kwenye mabenchi mapya, na Mzee Wolfgang akakaa katikati na kofia yake mapajani.

"Shikamooni, wazee," walisema marehemu.

"Marahaba, marahaba."

Festo aliongea. Hakupaza sauti na hakumtaja mtu kwa ubaya. Alieleza madumu, nta, namba, kamba, misumari mipya, na upepo mdogo. Alieleza jinsi boti ilivyokwenda chini, na jinsi Alex alivyomshika mkono, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akipapasa majini akitafuta dumu hata moja, kwa kuwa alijua yapo. Mama yake Bura alianza kulia na akapewa kiti.

Watu wakamtazama Mzee Wolfgang. Yeye alimtazama Festo kwa upole uleule.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Ijumaa ya kuamkia harusi nilifungua sakafu, nikayatoa. Wageni walikuwa wengi, maji hayakutosha, na yale nayaona yamekaa tu. Nilisema Jumapili nitayarudisha. Jumapili nikakuta yameshagawiwa, na sikuona vizuri kumnyang'anya mama aliyenipikia. Nikasema nitatafuta mengine."

"Na pombe, mzee?" aliuliza Gervasi.

"Pombe nilidhani. Watu walikuwa wananiuliza sababu."

Mama mkwe wa Alex alikuwa ameyashikilia magoti yake. Jogoo aliwika mara mbili, na ilikuwa ni saa saba na nusu.

Wanawake hawasemi kwenye kikao cha wazee, lakini Oliva alisimama. "Kwa hiyo Mama Judica anatoka lini?"

Mzee Hhando, ambaye ni mkubwa kuliko wote na ndiye anayejua taratibu, alieleza kwa utulivu. Alisema metimani haitupwi hewani. Nyumba ikigundulika kuwa imebebeshwa isivyo haki, inaiweka chini, lakini aliyesababisha ndiye anayeiokota. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani na hakuna ubishi. Swali ni moja tu, nani aliyesababisha.

"Madumu yako wapi?" aliuliza.

Namba zikatajwa, moja mpaka kumi na mbili, kila mtu akitaja yake. Watu walikuwa wakweli. Mtu mmoja aliyesahau namba yake alimtuma mkewe akaiangalie, na wakamsubiri.

"Basi ni nyumba kumi na mbili," alisema Mzee Hhando.

Wakafikiri. Ukweli ni kwamba walifikiri kwa makini, wala hawakufanya mzaha. Nyumba kumi na mbili zikitengwa, chemchemi inabaki ya Perpetua peke yake. Ng'ombe wote wanabaki zizini isipokuwa wake wawili. Palizi imefika na mtu haruhusiwi kumsaidia mwenzake. Na zaidi ya hayo, aliuliza Mzee Hhando, nyumba kumi na mbili zinatengwa na nani? Kutengwa kunahitaji watu wa kutengana nao. Kitongoji kizima hakiwezi kukaa metimani. Hakuna mfano wake.

"Ianze yangu," alisema Gervasi. "Nitakaa mimi."

"Ukikaa wewe, fundi, boti ataimaliza nani?" aliuliza Mzee Wolfgang. "Na haya mabenchi? Na wewe hukufungua hata fundo moja. Itakuwa si haki."

Ilikuwa kweli kwamba hakufungua hata fundo moja. Gervasi alitafuta neno la kujibu na akaliona, lilikuwa pale mdomoni, na akanyamaza. Alijichukia kwa kunyamaza, lakini alinyamaza.

Mzee Wolfgang alisimama kama mwenyekiti. Alisema kikao kimesikia, na kikao kimekubali kwamba alichosema marehemu Festo ni kweli tupu. Akaomba iandikwe. Katibu akaandika. Kwa upande wa metimani, alisema, kwa kuwa haina mahali pa kwenda, ibaki kwa sasa pale ilipo. Kisha akamwomba Mzee Hhando afunge kwa sala, na wote wakainamisha vichwa, pamoja na wale watatu waliokuwa ndani ya maji.

Wiki iliyofuata Gervasi alimaliza kazi. Alipiga sakafu mpya ya mwerezi, akaacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao. Nyufa za ubavuni aliziziba kwa pamba na lami ya moto. Dumu namba saba alilifunga kifuniko kwa nta na kulirudisha mahali pake, na Oliva tangu siku hiyo anachota maji kwa ndoo isiyo na mfuniko, nusu inamwagika njiani, naye halalamiki. Nyumba nyingine kumi na moja hazikuleta kitu, kwani kiangazi kiko njiani. Gervasi alikwenda gulioni, akaokota chupa tupu za plastiki, akazikaza vifuniko na kuzishindilia kwenye nyavu za vitunguu saumu, nyavu kumi na moja. Festo alizibonyeza kwa kidole gumba, akasema zitafaa.

"Itaelea," alisema. "Hata ikijaa."

"Una uhakika?"

"Hii ndiyo ninayoijua, fundi."

Gidion aliifuata boti Jumatano ya wiki ya tatu. Watu sita waliipandisha kwenye trela na kulalamika kwamba imeongezeka uzito, ambalo halikuwa jambo la kushangaza, maana wale watatu hawakushuka. Njia ya kwenda Gendabi inapita nyumbani kwa Perpetua, ukingoni mwa ua wa minyaa. Gidion alipofika pale alisimamisha trekta na kusema injini imechemka. Haikuwa imechemka. Akageuza uso upande wa mlima na kuwasha sigara.

Perpetua alikuwa amesimama ndani ya ua.

"Baba Judica."

"Mama Judica. Umekonda."

"Na wewe umelowa." Alimtazama vizuri, kuanzia kichwani, bila haraka. "Koti limepauka."

"Nimekaa juani wiki mbili. Umeshapanda?"

"Mahindi tayari, unayaona. Maharage bado." Akasogea karibu na minyaa. "Judica ameota meno ya mbele. Makubwa, kama yako. Shangazi yake alinitumia picha."

Festo alicheka kidogo, na maji yakamtoka mdomoni, akayafuta kwa mkono.

"Anauliza kama anakuja likizo hii," alisema Perpetua. "Nimemwambia nangoja wewe uende kusema."

"Nimesema."

"Yote?"

"Yote. Mbele ya watu wote."

"Wakasemaje?"

"Wamekubali."

Perpetua alishika tawi la mnyaa, akaliachia haraka kabla utomvu haujamchafua. "Wamekubali nini?"

"Kwamba ni kweli."

Alingoja aendelee. Bura na Alex walitazama miguu yao. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye mkono wa koti la Festo, yakipita katikati ya mbao mpya na kushuka chini, kama yalivyotakiwa.

"Halafu?" alisema Perpetua.

Festo alifikiri kama kulikuwa na kitu kingine.

"Halafu wakafunga kwa sala."

Gidion alitupa sigara na kuwasha injini. Trela lilianza kwenda, na Festo akageuka kumtazama mkewe mpaka kona ilipomchukua. Siku hiyo boti ilishushwa ziwani mbele ya watu wengi, ikaelea vizuri kabisa, na wavuvi wapya wanasema wale watatu hawasumbui, ni kuwaomba tu wasogee ukitaka kutupa nyavu.

Perpetua alilia pale kwenye ua, bila sauti, kwa muda ambao mtu huchukua kupepeta debe la mahindi. Kisha akajifuta uso na kurudi nyumbani kwa kuzunguka shambani, kwa sababu njia ya mbele ni ya watu wote.